Istilahi za Kupanda na Kupogoa Mimea katika Tangi la Samaki

Utangulizi

Kosa la sarufi katika tafsiri huonekana mapema, kwa kuwa kila msomaji ni mwamuzi wake. Kosa la istilahi huweza kupita mbele ya mhariri na mchapaji bila kutambuliwa, mradi sentensi inasomeka. Na hasara yake hutokea baadaye, mikononi mwa yule anayetenda kama alivyoelezwa. Makala haya yanahusu makosa ya namna hiyo katika fani ndogo ambayo wengi wetu hatukuidhania kuwa na haja ya istilahi, nayo ni upandaji na upogoaji wa mimea hai katika matangi ya samaki.

Tuliletewa na mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ya sekondari kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Mwalimu huyo alitaka wanafunzi wake waone kwa macho yao viputo vya oksijeni vikitoka katika majani yaliyo majini wakati wa mwanga, ndipo awafundishe usanisinuru. Alikifuata kijitabu neno kwa neno. Palipoandikwa "fukia mizizi minene pamoja na ile myembamba", alifukia. Palipoandikwa "punguza mimea kila baada ya wiki mbili", wanafunzi waling'oa mmea mmoja katika kila miwili. Mwezi ulipokwisha, mimea iliyosalia ilikuwa imeoza, maji yamefanya ukungu, na samaki wote sita wamekufa. Mwalimu aliamini kuwa amekosea yeye.

Tulipokilinganisha kijitabu hicho na asili yake tuliona kwamba mwandishi wa kwanza hakusema hivyo hata mahali pamoja. Ile "mizizi minene" ilikuwa ni shina, tena shina lisilotakiwa kufukiwa. Na huko "kupunguza" kulikuwa ni kukata ncha za matawi tu. Kiswahili cha mfasiri kilikuwa safi kabisa. Alilokosa ni maneno ya kutenganisha vitu ambavyo mkulima yeyote wa miwa, mihogo au viazi vitamu huvitenganisha kila msimu. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba maneno hayo tunayo, na kwamba kazi iliyo mbele yetu ni kuyatoa shambani, kuyapa mipaka, na kuyatumia kwa maana moja. Hata hivyo, yako mahali pachache ambapo neno la shambani hupotosha, na hapo hatuna budi kuunda.

Jina la chombo na la maji yake

Tuanze na chombo chenyewe. Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia limetoka Kilatini, na katika Kilatini cha kale maana yake ilikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alilitumia katika jina la kitabu chake, na tangu hapo likaenea kwa maana hii tuijuayo. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1853, bustani ya wanyama ya London ilikuwa imefungua nyumba ya samaki kwa ajili ya watazamaji. Twalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba wenzetu nao walilichukua neno la wafugaji wakalitwika kazi mpya. Hapakuwa na neno lililozaliwa pamoja na chombo.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoweza kugombea nafasi hiyo: tangi, hodhi, birika, bwawa, na neno la kutoholewa akwaria. Birika kwa wengi sasa ni chombo cha chai. Bwawa ni la ardhini. Hodhi ni neno zuri, lakini humfanya msomaji afikirie chombo kilichojengwa kwa mawe au saruji. Kwa hiyo twapendekeza tangi la samaki kwa chombo cha kioo kiwekwacho nyumbani au darasani, hodhi ya samaki kwa kile kilichojengwa, na akwaria iachiwe jengo la maonyesho lenye matangi mengi.

Ama kuhusu maji, iko tanzu inayohitaji kukatwa. Vitabu vya shule na nyaraka za uvuvi huita maji ya mito na maziwa maji baridi, kuyatofautisha na maji chumvi ya bahari. Matumizi hayo yamekwisha kukubalika, wala hatuna sababu ya kuyavunja. Lakini wafugaji wa samaki wa matangi huwagawa samaki wao mara ya pili kwa joto: wako wa nchi za joto, wanaotaka maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na wako kama vile samaki wa dhahabu, ambao hustahimili maji yenye ubaridi. Mfasiri akiliandika neno "maji baridi" kwa maana zote mbili, msomaji ataweza kumnyima joto samaki wa Ziwa Tanganyika kwa kuwa kitabu kimemwita wa maji baridi. Kwa sababu hiyo twashauri maji baridi yabaki kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, na palipo na habari ya joto iandikwe waziwazi maji yasiyopashwa moto na maji yaliyopashwa moto, pamoja na kiwango cha nyuzi.

Kazi ya mimea ndani ya tangi

Haifai kuchagua istilahi za kazi kabla ya kuielewa kazi. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alitangaza matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kuwa sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zikiwa katika mwanga, na kwamba gizani mmea huichafua hewa kama wafanyavyo wanyama. Mengi ya majaribio hayo aliyafanya kwa majani yaliyotiwa majini, ambako viputo huonekana. Hicho ndicho alichotaka kukionyesha mwalimu wetu.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jaribio ambalo watu wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa tangi la samaki la siku hizi. Alitia samaki wadogo wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo, pamoja na mmea wa jenasi ya Vallisneria. Mmea ulistawi, samaki wakaishi. Baada ya muda majani ya zamani yalianza kuoza, maji yakachafuka, na utelezi wa kijani ukafunika kioo. Warington akaongeza konokono wa bwawani, nao wakala majani yaliyooza na ule utelezi, maji yakatakata tena.

Habari hiyo inabeba fani yote. Mmea ulio hai hutoa oksijeni mchana na hufyonza amonia inayotokana na uchafu wa samaki. Jani lililokufa hufanya kinyume: huoza, hutumia oksijeni, na hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Basi upogoaji katika tangi hautafutwi kwa ajili ya uzuri pekee. Huondoa majani kabla hayajaoza, na huruhusu mwanga ufike chini. Mfasiri akilijua hili hatastaajabu kuona kitabu kinarudia habari za kukata kuliko habari za kupanda.

Sehemu za mmea

Mkulima wa miwa hana shida na sehemu za shina. Mahali palipovimba, panapotokea jani, ni kifundo. Sehemu laini iliyo kati ya kifundo na kifundo ni pingili. Juu ya kifundo, kwenye kwapa la jani, pana jicho, ambalo likipata nafasi huchipua na kuwa tawi. Maneno haya matatu yanatosha kueleza upogoaji wote wa mimea yenye shina refu, na hatuoni haja ya kutohoa chochote. Tahadhari ni moja: katika baadhi ya sehemu, pingili huitwa pia kile kipande cha muhogo kinachokatwa kwa ajili ya kupandwa. Twapendekeza kipande hicho kiitwe kipando, kama wasemavyo wakulima wengi, na pingili ibaki kwa sehemu ya shina tu.

Kijiti kinachounganisha jani na shina ni kikonyo. Mahali ambapo majani yote hukutana na mizizi, katika mimea isiyo na shina la kuonekana, hapana jina lililozoeleka. Wako wanaopaita kichwa, na wako wanaopaita kitako. Maneno hayo mawili yanapingana, na msomaji aliyeambiwa "usifukie kichwa" na aliyeambiwa "usifukie kitako" watapanda kwa namna mbili. Twapendekeza shingo ya mmea, kwa sababu neno hilo lenyewe husema kuwa kuna cha juu na cha chini, na kwamba hapo ndipo vinapokutana.

Twafika kwenye kosa la kijitabu. Iko mimea ambayo shina lake hulala na kutambaa, likitoa majani kwa juu na mizizi kwa chini. Shina hilo ni nene, na kwa mtu asiyelijua hufanana na mzizi. Mfano ulio karibu nasi ni tangawizi: kile tunachokiponda na kukitia katika chai si mzizi bali ni shina. Wataalamu wa mimea wamelitohoa neno rizomu. Hatulipingi katika vitabu vya botania, lakini katika mwongozo wa mtu wa kawaida halisemi kitu. Twapendekeza shina mlalo, kwa kuwa neno mlalo limekwisha kuzoeleka katika hisabati, katika mstari mlalo, na mwanafunzi wa shule analijua.

Hapa mfano wa shambani unaweza kupotosha. Tangawizi hufukiwa; Anubias, mmea wa Afrika ya Magharibi na Kati unaopendwa sana na wenye matangi, haufukiwi. Katika makazi yake Anubias hushika mawe na magogo kandokando ya vijito. Shina lake mlalo likizikwa katika changarawe huoza, na mmea mzima huondoka. Kwa hiyo mfasiri anayetumia tangawizi kuwa mfano wa umbo hana budi kuongeza kwamba hasemi habari ya upandaji.

Aina nne za ukuaji

Vitabu vya fani hii huipanga mimea kwa namna inavyokua, kwa kuwa namna ya kukua ndiyo inayoamua namna ya kupanda na ya kukata. Twaona aina nne zinatosha.

Ya kwanza ni mimea ya shina refu, kama vile Ludwigia, Hygrophila na Egeria. Shina husimama, lina vifundo na pingili, na ncha yake hukimbilia mwanga.

Ya pili ni mimea ya shada, ambayo majani yake yote hutoka katika shingo moja kama ya nanasi. Humo mna Vallisneria, ambayo hupatikana pia katika Ziwa Tanganyika. Echinodorus ya nchi za Amerika. Na Cryptocoryne ya Asia. Baadhi ya mimea hii hutoa kamba nyembamba inayotambaa juu ya mchanga na kuotesha mmea mdogo mwishoni. Kamba hiyo twaiita tawi tambazi, na mmea huo mdogo twauita mtoto, kama tusemavyo mtoto wa mgomba.

Ya tatu ni mimea ya shina mlalo: Anubias tuliyoitaja, na jamii ya kangaga wa majini, kama Bolbitis heudelotii ya Afrika.

Ya nne ni mimea isiyoshika ardhi. Wako wanaoelea juu ya maji, kama Pistia. Na iko Ceratophyllum, iliyozama lakini haina mizizi kabisa. Kumwambia msomaji "panda mizizi ya Ceratophyllum" ni kumwambia atafute kisichokuwapo.

Vitenzi vya kupanda

Kupanda ni neno pana, na lifaa libaki pana. Ndani yake mna matendo matatu ambayo mfasiri asiyachanganye.

Kupandikiza ni kuhamisha mmea wenye mizizi yake kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mmea wa shada hupandikizwa kwa kuchimba kishimo katika changarawe, kuingiza mizizi, kufukia, kisha kuuvuta mmea juu kidogo mpaka shingo ionekane. Mwenye mizizi mirefu sana huipunguza kwa mkasi kwanza, ili isikunjamane.

Kuchomeka ni kuingiza kipando kisicho na mizizi. Neno hili ni la mkulima wa viazi vitamu achomekaye marando katika tuta, na kitendo ni kilekile. Majani ya vifundo viwili au vitatu vya chini huondolewa, kwa sababu yakifukiwa yataoza. Kisha shina hushikwa kwa kibano na kuchomekwa kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Mizizi hutoka kwenye vile vifundo vilivyofukiwa. Vipando huchomekwa kimoja kimoja, vikiachiana nafasi. Kuchomeka fungu zima katika tundu moja, kama lilivyonunuliwa, huozesha mashina ya katikati.

Kufunga ni kuushikiza mmea wa shina mlalo juu ya jiwe au gogo kwa uzi, mpaka mizizi yake ishike yenyewe. Hapa neno kupanda lisitumike kabisa, kwani humtuma msomaji kwenye changarawe.

Chini ya mimea huwekwa mchanga, changarawe au udongo maalumu, wa unene wa sentimita 5 hadi 8 hivi. Kwa jina la jumla la vitu hivyo tumependelea tandiko. Neno sakafu, lililotumiwa na baadhi ya wafasiri, lina ugumu ndani yake, na humfanya msomaji afikirie kioo cha chini.

Liko jambo moja zaidi. Mimea mingi inayouzwa huoteshwa vitaluni nje ya maji, na majani yake ni ya hewani. Ikitiwa majini, majani hayo hufa na mmea hutoa mengine yaliyo membamba na laini zaidi. Cryptocoryne hufanya hivyo kwa ghafula sana, hata ikihamishwa kutoka tangi moja hadi jingine. Kwa Kiingereza hali hiyo huitwa kwa neno la kuyeyuka, na tumeona tafsiri zinazosema "mmea utayeyuka". Kinachoyeyuka kwetu ni barafu, mafuta au sukari, na hakirudi. Msomaji wa tafsiri hiyo huung'oa mmea akautupa, ilhali mizizi ingali hai na majani mapya yangetoka baada ya wiki chache. Twashauri iandikwe majani hupukutika na kuoza, mizizi ikabaki hai. Ni maneno mengi kuliko moja, lakini yanaokoa mmea.

Vitenzi vya kukata

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi vingi vya kukata mimea, na kila kimoja kina kazi yake.

Kupogoa ni kukata ncha au matawi ili mmea uchipue upya au upate umbo. Ndilo neno tunalolipendekeza kwa tendo lenyewe la fani hii. Mmea wa shina refu hupogolewa kwa mkasi mkali juu kidogo ya kifundo. Ncha inayokua hutoa kichocheo kinachoyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikiondolewa, macho huamka, na shina moja hutoa matawi mawili au zaidi. Ile ncha iliyokatwa haitupwi: ni kipando, nayo huchomekwa. Mashina ya chini yakizeeka na kupoteza majani, huondolewa yote na nafasi yao kuchukuliwa na ncha.

Kupunguza au kupunguzia, kwa mkulima, ni kung'oa baadhi ya miche ili iliyobaki ipate nafasi. Wanafunzi wa yule mwalimu walifanya barabara kama walivyoambiwa. Neno hili litumike pale tu panapokusudiwa kuondoa mimea mizima.

Kukonyoa ni kuondoa jani zima kutoka mahali lilipoota. Kwa mimea ya shada hili ndilo tendo linalofaa, kwa kuwa jani la Vallisneria likikatwa katikati mara nyingi hugeuka kahawia kwenye mkato na kuoza kuelekea chini. Huchaguliwa majani ya nje yaliyo ya zamani, yakakonyolewa au kukatwa karibu kabisa na shingo.

Kugawa ni kukata shina mlalo kwa wembe, kila kipande kikibaki na majani matatu au manne yake. Kupogoa na kugawa visichanganywe: la kwanza hubakisha mmea mmoja, la pili hufanya miwili.

Kufyeka ni neno la msituni na la gugu. Katika tangi laweza kutumiwa kwa mimea mifupi inayofunika tandiko kama zulia, ambayo hukatwa yote kwa usawa mmoja. Mahali pengine lisitumike. Kwa desturi ya wafugaji wengi, hazidi kuondolewa theluthi moja ya majani kwa siku moja, kwa sababu mimea michache haiwezi kufyonza virutubisho vyote vilivyomo majini, na vikibaki hulisha mwani.

Mwani na mimea

Neno mwani linatuletea taabu ya namna nyingine. Kwa mtu wa pwani, mwani ni ule wa baharini, na huko Zanzibar, tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza mwaka 1989, mwani ni zao linalofungwa kwenye kamba na kuvunwa. Kwa mwanasayansi, mwani ni jamii kubwa ya viumbe vya majini, mingi yake isiyoonekana kwa macho. Kwa mwenye tangi, mwani ni adui: utelezi wa kijani juu ya kioo, au nyuzi zinazosonga majani.

Maana hizo tatu zaweza kukaa pamoja iwapo mfasiri ataongeza neno moja: mwani wa utando, mwani wa nyuzi, mwani wa kuelea unaoyafanya maji yawe ya kijani. Lisilovumilika ni kuziita Vallisneria na Ludwigia mwani, kama tulivyoona katika tafsiri mbili. Hiyo ni mimea yenye mizizi, mashina na maua. Msomaji akiambiwa ukurasa mmoja "panda mwani" na ukurasa wa pili "ondoa mwani wote", ana haki ya kukifunga kitabu. Aidha, mwani hupunguzwa kwa kuweka taa saa nane hadi kumi kwa siku bila kuzidisha, na kwa kukonyoa majani ya zamani ambayo hushikwa kwanza.

Kuokota na kutupa

Sehemu hii twawaelekezea hasa watumishi wa serikali wanaotayarisha matangazo na miongozo. Yako mashauri ambayo yakifasiriwa sawasawa huwa mabaya, kwa kuwa yaliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Konokono wa Warington walikuwa wa bwawa la Uingereza. Katika madimbwi na kandokando ya maziwa yetu mna konokono wa jenasi za Bulinus na Biomphalaria, ambao hubeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Kumwambia mwanafunzi wa Mwanza aingie ziwani kuokota mimea na konokono ni kumtuma kwenye ugonjwa. Tafsiri hapa haina budi kuacha au kubadili, na mfasiri aseme wazi kuwa amebadili.

Kutupa nako ni neno la kuchungwa. Kitabu kikisema vipande vilivyozidi "virudishwe majini" au "vitupwe mtoni", kinafungua mlango wa uvamizi. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisafirishwa huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Lilipoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilienea mpaka likaziba bandari na mialo ya wavuvi, na ilibidi kuanzia mwaka 1995 wafunguliwe wadudu wanaolila. Hata sasa halijaisha. Katika Ziwa Naivasha mmea wa kuelea uitwao Salvinia molesta ulileta taabu kama hiyo tangu miaka ya 1960. Kwa mimea ya namna hii istilahi mmea vamizi imeshika, na twaiunga mkono. Agizo liandikwe hivi: vipande vilivyokatwa vianikwe juani vikauke kabisa, kisha vifukiwe shambani viwe mboji.

Istilahi tunazopendekeza

Jicho: chipukizi lililolala kwenye kwapa la jani.
Kibano: chombo cha kushikia na kuchomekea mmea majini.
Kifundo: mahali pa shina panapotoka jani au mizizi.
Kipando: kipande cha shina kilichokatwa ili kioteshwe.
Kuchomeka: kuingiza kipando katika tandiko.
Kugawa: kukata shina mlalo ili kupata mmea zaidi ya mmoja.
Kukonyoa: kuondoa jani zima kutoka shinani au shingoni.
Kupogoa: kukata ncha au matawi ili mmea uchipue upya.
Kupunguza: kung'oa baadhi ya mimea ili iliyobaki ipate nafasi.
Pingili: sehemu ya shina iliyo kati ya vifundo viwili.
Shina mlalo: shina nene linalotambaa, lenye majani juu na mizizi chini.
Shingo ya mmea: mahali majani na mizizi ya mmea wa shada hukutana.
Tandiko: mchanga, changarawe au udongo uliowekwa chini ya tangi.
Tawi tambazi: kamba ya mmea itambaayo na kuotesha mtoto.

Hitimisho

Katika istilahi kumi na nne tulizoziorodhesha, hakuna hata moja iliyotoholewa kutoka lugha ya Ulaya, na nyingi zilikuwa vinywani mwa wakulima kabla hatujazaliwa. Hatudai kuwa kukopa ni kosa. Rizomu na akwaria zina mahali pake. Twalosema ni kwamba mfasiri anapokutana na kitu kilicholetwa kutoka mbali, kama tangi la kioo lenye taa, hudhani kuwa na maneno yake yote ni ya mbali, akasahau kuwa kilichomo ndani ni shina, jani na mzizi.

Hatujaridhika na kila pendekezo letu. Shingo ya mmea huenda ikagongana na maneno ya mikoani tusiyoyajua, na wako watakaosema kuwa kuchomeka ni kwa viazi tu. Twawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayajaribu katika kazi zao, kisha watuletee yale yaliyowashinda wasomaji. Yule mwalimu ametufasiria upya kijitabu chake kwa maneno haya na ameanza tangi jingine. Ametuandikia kwamba Anubias imefungwa juu ya jiwe, haikufukiwa, na kwamba imetoa jani jipya.